Openport 2.0 na Subaru iliyotuniwa inayogoma asubuhi ya baridi

Gari linalotoka kwa fundi wa kutuni, yaani wa kupanga upya kompyuta ya injini ili nguvu iongezeke, limepimwa likiwa la moto. Maji yamefika 85°C au zaidi, oili imelainika, na kinachotafutwa kwenye daino, mashine ya kupima nguvu ya injini, ni nguvu: presha ya tabo, uwiano wa hewa na petroli kanyagio likiwa chini kabisa, na wakati wa cheche. Majedwali ya namba ndani ya kompyuta hiyo yanayotawala sekunde kumi za kwanza baada ya stata mara nyingi hayaguswi. Injini huwa baridi kabisa mara moja tu kwa siku, na hakuna mteja anayelipa ili gari lilale kwenye daino. Ndiyo maana Impreza WRX STI inaweza kuondoka Nairobi mchana ikivuta vizuri, kisha kesho yake alfajiri, Limuru au Nyahururu mwezi wa Julai, ikapigwa stata mpaka betri ichoke.

Tunachokipima hapa ni Openport 2.0 ya Tactrix, kebo inayounganisha soketi ya OBD ya gari (ya uchunguzi) na laptopu, ikitumika pamoja na programu ya bure ya RomRaider. Swali ni moja: je, inasaidia kupata ubovu wa baridi kwenye Subaru yenye tabo iliyobadilishwa vipuri? Ndiyo, tena kuliko skana yoyote ya kawaida ya dukani, ilimradi gari bado linatumia ECU (kompyuta ya injini) yake ya asili na mwenye gari yuko tayari kusoma namba. Anayetaka kifaa kimwambie "badilisha sensa hii" ataona amepoteza pesa.

Kwa nini skana ya kawaida haitoshi

Subaru nyingi zilizoko barabarani Kenya na Tanzania zililetwa zikiwa zimetumika Japani. Matoleo ya soko la Japani ya miaka ya mwanzo ya 2000 yana soketi inayofanana na ya OBD2, lakini kompyuta yake huzungumza lugha ya Subaru yenyewe, iitwayo SSM, kupitia waya mmoja wa data kwa kasi ya biti 4,800 kwa sekunde. Vile vifaa vidogo vya bluetooth vya ELM327 na programu za simu mara nyingi hutafuta, hutafuta, kisha vinasema gari halipo. Openport inaijua SSM, na kwa magari mapya zaidi inatumia mtandao wa data wa CAN.

Hata pale ELM327 inaposhika, kinachoonekana ni kodi za makosa na vipimo vichache vya jumla. Kwa ubovu wa baridi hiyo ni habari nusu. Kodi P0171 inasema mchanganyiko una petroli kidogo, na P0301 mpaka P0304 zinataja silinda inayomisi, yaani isiyochoma petroli sawasawa. Hakuna hata moja inayosema kama shida ilitokea injini ikiwa 9°C au 60°C, wala injekta (vipuliza petroli) zilifunguliwa kwa milisekunde ngapi stata ilipokuwa inazunguka. Mara nyingi gari lililojaa petroli kupita kiasi wakati wa stata haliwashi taa yoyote.

Nakala za bei chee za Openport zimejaa sokoni, na halisi inagharimu mara kadhaa ya bei hizo. Kwa kurekodi tu, nakala nyingi hufanya kazi. Kwa kuandika ramani mpya (seti nzima ya majedwali) ndani ya ECU ni kamari: kebo ikikata mawasiliano katikati ya kazi, kompyuta ya gari inaweza kubaki bila programu kamili na injini isiwake kabisa. Kama mpango ni kurekebisha majedwali mwenyewe, nunua halisi au mwachie fundi mwenye halisi.

Kuifunga: hapa ndipo wengi wanakwama

Dereva za Tactrix, yaani programu zinazoiwezesha laptopu kuitambua kebo, zinataka Windows. RomRaider imeandikwa kwa Java, na ili iione Openport ni lazima iwe toleo la biti 32, hata kama Windows yenyewe ni ya biti 64. Ukifunga Java ya biti 64 programu itafunguka vizuri, lakini kebo haitaonekana, na utaanza kuilaumu kebo bure. Baada ya hapo pakua faili ya maelezo ya vigezo, ile logger.xml, uionyeshe RomRaider ilipo. Bila faili hiyo orodha ya vigezo itabaki tupu. Maelekezo yametawanyika sehemu nyingi na hakuna kitabu kimoja kilichonyooka. Hilo ni doa kubwa kwa kifaa cha bei hii.

Kwenye matoleo ya zamani kuna viunganishi viwili vya kijani chini ya dashi. Hivyo vinaunganishwa tu wakati wa kuandika ramani. Ukiviunganisha, pampu ya petroli na feni huanza kuwaka na kuzima zenyewe. Kwa kurekodi viache kama vilivyo.

Ipo pia nafasi ya kadi ya microSD. Ukiweka humo faili ya maandishi iitwayo logcfg.txt yenye orodha ya vigezo, kebo hurekodi yenyewe bila laptopu. Kwa kazi ya alfajiri ni msaada mkubwa: mikono iko huru na huhangaiki na skrini kwenye baridi. Tahadhari moja tu: soketi ya OBD ina umeme wa betri muda wote, kwa hiyo usiiache kebo imechomekwa usiku kucha kwenye gari ambalo betri yake tayari unaishuku. Chomeka asubuhi.

Jioni kabla, na asubuhi yenyewe

Nafasi ni moja kwa siku, basi maandalizi yafanyike jioni. Injini ipumzike saa nane au zaidi. Chagua vigezo vichache, kwa sababu kwenye SSM kila kigezo unachoongeza kinapunguza kasi ya kurekodi. Vinavyotosha ni mzunguko wa injini, joto la maji, joto la hewa inayoingia, volti za sensa ya MAF (inayopima hewa inayoingia), volti za betri, muda wa injekta kufunguka, kisha viwili vinavyoandikwa kwenye skrini A/F Correction #1 na A/F Learning #1, yaani masahihisho ya petroli ambayo ECU hufanya papo hapo na yale iliyojifunza. Presha ya tabo, noki na vinginevyo viache kwa siku nyingine.

Asubuhi fungua ufunguo bila kupiga stata na uangalie namba mbili kwanza: joto la maji na joto la hewa. Gari lililolala nje usiku mzima linapaswa kuonyesha namba zinazokaribiana, tofauti ya nyuzi mbili tatu. Maji yakisema 35°C wakati hewa ni 9°C, sensa ya maji inadanganya, na kompyuta itatoa petroli ya injini yenye uvuguvugu kwa injini iliyo baridi: stata ndefu, kisha kukohoa. Ikisema -20°C Nyahururu, itamwaga petroli mpaka plagi zilowe. Sensa yenyewe inapimwa kwa malti-mita: kwenye 20°C upinzani wake uwe kati ya kilo-omu 2 na 3, na kwenye 80°C ushuke hadi karibu omu 300. Waya ukikatika au ukigusa bodi kabisa utapata P0118 au P0117, ila sensa iliyozeeka ikapotoka kidogo haileti kodi yoyote. Kipimo hiki kinachukua nusu dakika, na chafaa kufanywa kabla ya kununua spea yoyote.

Wenzetu walioko Minnesota au Calgary wanaotumia hita ya bloku, ya umeme wa ukutani inayopasha injini, wakumbuke kwamba kipimo hicho hakiwafai gari likiwa limechomekwa ukutani usiku: maji yatakuwa na joto na hewa -20°C, na wala si kosa la sensa. Zimeni hita usiku mmoja usio na baridi kali ndipo mpime.

Kisha piga stata na uiache irekodi mpaka maji yafike 80°C. Usikanyage petroli, usizime, usisogeze gari kwa dakika mbili za kwanza. Unatafuta tabia ya ECU yenyewe, na mguu wa dereva ukiingia hapo unaichafua.

Volti kwanza, petroli baadaye

Betri iliyotulia ikiwa imejaa husoma takriban volti 12.6. Ikiwa 12.2 imebaki kama nusu. Wakati stata inazunguka isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Kwenye gari lililobadilishwa jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu injekta hufunguka polepole zaidi volti zikipungua. Injekta inayohitaji milisekunde moja kufunguka kwenye volti 14 inaweza kuhitaji karibu mara mbili kwenye volti 10. ECU ina jedwali la kufidia ucheleweshaji huo kulingana na volti, na jedwali la asili liliandikwa kwa injekta za asili. Aliyefunga injekta kubwa akaingiza namba ya volti 14 tu na kuacha safu nyingine, ameacha mtego: gari litawaka vizuri betri ikiwa mpya na kugoma betri ikichoka. Mwenye gari atabadilisha betri, litapona miezi kadhaa, kisha ugonjwa urudi. Watengenezaji wa injekta wanaoheshimika hutoa jedwali lote la ucheleweshaji kwa kila volti na kila presha ya petroli. Injekta isiyo na karatasi hiyo usiifunge, hata ukipewa bure.

Rekodi ikikatika kila stata inapozunguka, hiyo nayo ni taarifa. ECU inakosa umeme wa kutosha. Kagua nyaya za ardhi kati ya injini na bodi, hasa kama injini iliwahi kushushwa: rangi au kutu chini ya bolti inatosha.

Oili nayo huingia hapa. Wenye injini zilizojengwa upya hupenda 20W-50 kwa imani kwamba nzito ndiyo salama. Herufi W na namba iliyo mbele yake zinaeleza tabia ya oili kwenye baridi: mnato wa 5W wakati wa stata hupimwa kwenye -30°C, wa 10W kwenye -25°C, na wa 20W kwenye -15°C tu. Kwa Njombe au Kinangop 20W itazungusha, ila polepole, na mzunguko wa polepole maana yake volti chini na cheche dhaifu. Kwa Calgary mwezi wa Januari ni kujitafutia balaa. Huko 0W au 5W, na ile namba ya pili ichaguliwe kulingana na uwazi wa beringi ambao mjenzi wa injini aliupima.

Stata inazunguka vizuri, petroli inanuka, haiwaki

Hili ndilo tatizo ambalo Openport imelipata mara nyingi kuliko yote kwenye gari la injekta kubwa, na ndilo linalolipa gharama ya kebo.

Wakati wa stata ECU ya Subaru haitegemei sensa ya MAF, kwa sababu hewa bado inapita kwa mikupuo isiyopimika. Inaangalia joto la maji, inasoma jedwali, inafungua injekta kwa muda ulioandikwa humo. Sasa fundi akibadilisha injekta za takriban cc 550 kwa dakika akafunga za cc 1,000, hurekebisha kipimo kikuu cha injekta, na gari likishawaka linakwenda sawa. Lakini jedwali la stata limeandikwa kwa milisekunde moja kwa moja. Halifuati kipimo kikuu. Muda ule ule kwa injekta karibu mara mbili ni petroli karibu mara mbili. Mchana injini ikiwa na joto muda ulioandikwa ni mfupi, na kosa linavumilika. Kwenye 8°C muda ni mrefu, na plagi zinalowa kabla ya silinda kushika moto.

Hesabu ya kuanzia ni rahisi: gawa ukubwa wa zamani kwa mpya. 550 kwa 1,000 ni 0.55. Tuseme seli (kisanduku cha jedwali) ya 10°C ilikuwa milisekunde 30. Mpya iwe 16.5. Majedwali ya stata yako kadhaa ndani ya ramani moja, na yote yapunguzwe kwa kiwango hicho hicho, maana ukirekebisha moja gari litawaka siku moja na kugoma siku nyingine. Baada ya hapo badilisha kwa hatua ndogo za 5% hadi 10%, seli za joto uliloliona asubuhi hiyo tu. Usiguse seli za -20°C kama gari linaishi Limuru, hujazipima.

Mwinuko unaongeza tatizo. Kwenye mita 2,300 hivi za Nyahururu presha ya hewa ni karibu kilopaskali 77, dhidi ya 101 za pwani. Hewa ni nyembamba lakini muda wa injekta kwenye stata umepangwa kwa joto, kwa hiyo mchanganyiko unazidi petroli. Gari lililotuniwa Mombasa na kuhamishiwa milimani linaweza kuwa sawa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

Silinda zikishajaa petroli, kanyaga kanyagio mpaka chini kabisa huku ukipiga stata kwa sekunde tano hadi nane. Kwa kawaida ECU hukata injekta katika hali hiyo, hewa ikakausha silinda. Likigoma, toa plagi, kausha, pumzisha stata. Na gari lililolowa hivyo asubuhi nyingi mfululizo libadilishwe oili baada ya kutengenezwa, kwa sababu petroli imeosha kuta za silinda na kuteremkia kwenye karta, bakuli la oili chini ya injini. Vuta kijiti cha oili unuse. Harufu ya petroli inatosha kuwa ushahidi.

Kabla ya kuilaumu ramani yote, angalia plagi. Watuni hupenda plagi baridi zaidi kwa presha kubwa, na kwa NGK namba inapopanda plagi inakuwa baridi zaidi: kutoka 6 kwenda 7. Plagi hujisafisha ncha yake ikivuka takriban 450°C. Namba 7 kwenye gari linalokwenda dukani na kurudi, asubuhi baridi, haifiki hapo. Masizi yanajenga njia ya umeme juu ya kauri na cheche inapotea. Ikiwa presha ya tabo ni ya kawaida au imezidi kidogo tu, rudi 6. Pengo liwe milimita 0.7 hadi 0.8, likibanwa kuelekea 0.65 kwa presha kubwa tu. Kaza kwa nyutoni-mita 21 hivi injini ikiwa imepoa.

Inachelewa kuwaka, ikishawaka hakuna shida

Rekodi itaonyesha muda wa injekta ni wa kawaida, volti nzuri, stata inazunguka sekunde nne tano, kisha inashika. Shuku presha ya petroli iliyoshuka usiku. Fungua ufunguo sekunde tatu, funga, rudia mara tatu, ndipo upige stata. Ikiwaka mara moja, pampu haishikilii: vali ya kuzuia petroli isirudi imechoka, jambo linalotokea kwenye pampu kubwa za kubadilisha, au injekta moja inadondosha. Geji ya presha kwenye mstari wa petroli itatofautisha. Presha ya msingi ni takriban bar 3 hosi ya vakyumu ikiwa imechomolewa. Zima, subiri, uone inashuka kwa kasi gani. Openport haina la kusema hapa, kwa sababu presha ya petroli haimo kwenye vigezo vya ECU hizi. Ni vizuri kujua kebo inakoma wapi.

Harufu ya petroli ndani ya gari kwenye baridi kali, ikipotea injini ikipata moto, ni habari nyingine kabisa, na si ya kusubiri. Kwenye WRX za mwanzo wa miaka ya 2000, mipira mifupi ya petroli iliyo chini ya manifoldi husinyaa hali ya hewa ikikaribia kuganda, na petroli huvuja juu ya injini. Kukaza kleme ni tiba ya wiki chache. Badilisha mipira yote kwa mpira wa petroli wa injekta, wenye kuhimili presha, na kleme zake mpya. Usipige stata tena kabla ya kukagua.

Inawaka, inazima

Ikizima kati ya sekunde mbili na tano, muda wa jedwali la stata umepita na nyongeza ya petroli ya baada ya stata ndiyo inayotawala, pamoja na sensa ya MAF. Chomoa sensa ya MAF ufunguo ukiwa umezimwa, kisha washa. Ikitulia bila sensa kuliko ikiwa nayo, kosa liko kwenye hewa: ama inaingia isiyopimwa, ama kipimo cha MAF hakilingani na bomba jipya la hewa lililofungwa. Bomba lenye kipenyo tofauti hubadilisha uhusiano kati ya volti na gramu za hewa, na sehemu ya chini ya jedwali hilo, ile ya injini ikinguruma bila kukanyagwa, ndiyo mafundi huiacha.

Jibu liko kwenye A/F Correction na A/F Learning, ukizijumlisha, baada ya injini kupata joto na ECU kuanza kujisahihisha. Ndani ya ±5% ni safi. Ikiwa +15% injini ikinguruma bila kukanyagwa na inarudi karibu na sifuri kwenye mwendo, hewa inavuja baada ya sensa: gasketi ya manifoldi, sili za injekta, hosi ndogo ya vakyumu iliyokauka. Mpira mkavu hubana ukiwa moto na kuachia ukiwa baridi, kwa hiyo kipimo cha moshi, wa kupulizwa ndani ya mabomba ili uonekane unapovujia, kifanyike asubuhi, injini ikiwa baridi. Mchana kitasema kila kitu kiko sawa. Ikiwa +15% kila mahali, rudi kwenye kipimo cha injekta au MAF. Kabla ya joto la kutosha namba za masahihisho hukaa sifuri. Usizisome kama afya.

Vali ya BOV, inayoachia presha ya tabo unapoondoa mguu, ikiwa ni ile inayotoa hewa nje badala ya kuirudisha kwenye bomba huleta kinyume chake: hewa iliyokwisha kupimwa inatupwa, petroli yake inabaki, na gari linakohoa au kuzima unapoachia kanyagio. Injini baridi, ambayo tayari ina petroli ya ziada, haina nafasi ya kuvumilia hilo. Tuseme wazi, sauti ya "pshhh" haina faida nyingine.

Kwenye matoleo yanayovuta kanyagio kwa kebo, vali ya hewa ya mzunguko wa kutulia hupitishiwa maji ya moto. Wako wanaoziba njia hiyo ya maji wakidhani wanapoza hewa ya kuingia. Rudisha mabomba yake, safisha vali, na mara nyingi mzunguko wa asubuhi unarudi wenyewe.

Inamisi ikianza kutembea kwenye 30°C hadi 50°C

Hapa angalia kama vipepeo vya TGV vimetolewa. Ni vipepeo vidogo kwenye njia za hewa vinavyofungwa injini ikiwa baridi ili hewa ijipinde na kuchanganyika na petroli ambayo bado haijawa mvuke. Kuvitoa kunaongeza mtiririko kwenye nguvu kubwa, na bei yake inalipwa kila asubuhi. Kodi P2004 mpaka P2007 huja kama havikuzimwa kwenye ramani. Dawa ni kuongeza kidogo petroli ya kupasha joto katika safu hiyo. Kurudisha vipepeo ni bora kwa gari la kila siku.

Injini inayochukua muda mrefu kufika 80°C, huku ikila petroli, ina thamostati iliyokwama wazi, na P0128 hutokea. Thamostati ya injini za EJ za Subaru hizi iko chini, upande wa maji yanayoingia kwenye pampu, na huanza kufunguka karibu 76°C hadi 80°C. Weka ya Subaru yenyewe. Zile ndogo za bei nafuu hazipitishi maji ya kutosha kwa injini yenye tabo.

Mlio wa kugonga asubuhi kwenye injini ya pistoni za kufuliwa (forged) huweza kuwa wa kawaida: aloi ya alumini ya 2618 hutanuka zaidi, kwa hiyo huachiwa nafasi kubwa zaidi kwenye silinda, na pistoni hupiga ukuta mpaka ijae. Mlio ukiisha maji yakifika 70°C, endelea. Mlio unaobaki au kuongezeka oili ikilainika ni wa beringi ya konrodi. Zima injini hapo hapo.

Sensa ya uwiano na mtungi wa mvuke

Sensa ya waidibendi iliyoongezwa, ya kupima uwiano wa hewa na petroli, inahitaji sekunde 20 hadi 30 kupata joto, hivyo haikuambii lolote kuhusu stata yenyewe. Amini plagi na muda wa injekta. Pia huvunjika kauri ikipashwa moto ndani ya bomba lenye matone ya maji. Ifungwe upande wa juu wa bomba, kati ya saa nne na saa nane ukilitazama kama uso wa saa ya ukutani, yaani pale palipoandikwa 10 na 2.

Kwa wanaoishi kwenye barafu, mtungi wa kunasa mvuke wa oili hukusanya maji, na maji hayo huganda. Mstari ukiziba, presha ya ndani ya injini husukuma oili nje kupitia sili ya nyuma au kijiti. Umwage kila wiki majira ya baridi. Na anayetumia E85 (petroli iliyochanganywa na ethanoli nyingi) akumbuke kwamba ile ya Marekani inaruhusiwa kuwa na ethanoli kuanzia 51% hadi 83%, na huwa kidogo zaidi wakati wa baridi. Ramani iliyotuniwa Agosti haijui hilo isipokuwa gari lina sensa ya ethanoli.

Nani anunue

Mwenye Subaru ya tabo yenye ECU ya asili, injekta au bomba la hewa lililobadilishwa, na laptopu ya Windows: nunua, au changieni watu watatu. Kabla ya kuandika chochote, soma ramani iliyomo kwa programu ya EcuFlash na uhifadhi nakala mahali pawili, kisha funga chaja ili betri isishuke chini ya volti 12.5 wakati wa kuandika.

Mwenye ECU ya Link, Haltech au MoTeC asinunue; kompyuta hizo zina programu zake za kurekodi, tena za kasi zaidi. Mwenye Accessport ya Cobb anacho tayari kifaa kinachorekodi. Atumie vigezo vile vile vilivyotajwa juu. Na mwenye gari ambalo halikuguswa kitu, linalosumbua Julai peke yake, aanze na betri, plagi na sensa ya maji, kwa mpangilio huo. Malti-mita moja itamtosha.